Kupanda Kedarnath peke yako na feza kidogo: mambo ya kujua mbele ya kutoka



Wadogo zetu wanaosoma India wananiuliza swali moja kila mwaka, kuanzia mwezi wa tatu: namna gani mtu anaweza kupanda Kedarnath peke yake, bila ajensi, na feza ya bursi? Nimejibu mmoja mmoja ku simu mpaka vidole vimechoka. Leo naandika mara moja, anayetaka asome hapa. Nilisoma Dehradun miaka mine, na Kedarnath nilipanda mara mbili, zote mwezi wa kumi, zote peke yangu. Mimi si Mhindu. (Kwetu kila mwenye duka aliyetoka kule tunamuita "Muhindi", kisha tunachanganya. Mhindi ni mtu wa India. Mhindu ni mtu wa ile dini. Niliyekaa naye chumba kimoja alikuwa Mhindi kabisa, lakini ni Mkristo wa Kerala, na hekalu la Kedarnath hajawahi kuliona hata leo.)

Kedarnath ni hekalu la mawe lililo katika jimbo la Uttarakhand, wilaya ya Rudraprayag, kwenye metre 3,583 juu ya bahari. Nyuma yake ni barafu tupu ya Himalaya. Ni moja ya jyotirlinga 12, maana yake mahali 12 ambapo Wahindu wanaamini mungu Shiva alijionyesha kama nguzo ya mwanga. Tena ni moja ya mahekalu manne ya ile safari wanayoita Char Dham ya Uttarakhand, pamoja na Badrinath, Gangotri na Yamunotri. Wazee wa kule wanaeleza hivi: ndugu watano, Wapandava, walishinda vita vikubwa, lakini katika vita hiyo walikuwa wameua watu wa jamaa yao wenyewe. Wakamtafuta Shiva awasamehe. Shiva hakutaka kuwaona, akajigeuza ng'ombe dume, akaingia mu udongo. Kilichobaki juu ni nundu tu. Njo maana kinachoabudiwa ndani ya hekalu si sanamu ya mtu. Kuna jiwe lenye umbo la pembe tatu, na jiwe hilo njo watu wanatembea siku nzima kwenda kuligusa. Ukijua habari hiyo mbele ya kupanda, utaelewa kwa nini unaona papa wa miaka 70 analia peke yake mu foleni. Amekuja kuomba msamaha.

Kwa wenzangu wa Kivu, kipimo iko rahisi. Nyiragongo ina metre 3,470, na pale Kibati tulipokuwa tunaanzia ni karibu metre 2,000. Kedarnath ni vilevile: unaanzia Gaurikund, karibu metre 1,980, unafika 3,583. Kimo ni karibu sawa. Tofauti ni urefu wa njia. Nyiragongo ni kilomita 8 hivi. Kedarnath ni 16 au zaidi, kupanda tu, na hakuna mlinzi wa parke anayekungoja ukichoka.

Sasa, wengi wangeanza na biye na bei. Mimi nitaanza na damu, juu hakuna kitabu cha India wala jirani wa Dehradun aliyeniambia neno hilo, na kwa mtu wa Kongo njo neno la kwanza.

Kwetu watu wengi ni AS. Wanaishi vizuri, wanacheza mpira, hawajui lolote mpaka siku parokia inawatuma kupima mbele ya ndoa. Kule juu hewa ni nyembamba: kwenye metre 3,500 kila pumzi inakupa karibu theluthi mbili tu za oksijeni unayopata ukiwa ku bahari. Weka juu yake baridi, kiu na kutembea masaa nane. Mwili wa AS ambao haujawahi kusumbua, mara chache, unaweza kusumbua pale: chembe za damu zinajikunja, zinaziba mishipa ya wengu. Alama yake ni maumivu makali upande wa kushoto chini ya mbavu, wakati mwingine yanapanda mpaka ku bega, pamoja na kutapika. Mtu anafikiri ni tumbo, au ni chakula cha njiani chenye pilipili, anameza dawa ya tumbo na anaendelea kupanda. Hapo njo hatari iko. Kwa hiyo kama haujui damu yako, fanya elektroforezi mbele ya kununua hata soksi. Maabara za miji ya India zinafanya. Kama ni AS, ongea na munganga anayekujua, na siku ukisikia maumivu hayo mlimani, sema neno hilo kwanza kwa munganga wa kituo: mimi ni AS. Asipoambiwa, pengine hataliwaza, juu wagonjwa anaoona kila siku ni wa moyo, wa kifua na wa kichwa. Kisha ushuke. Na kama ni SS, usipande. Naomba mnisamehe kusema hivyo bila sukari, lakini mama zetu hawakutulea kwa taabu ili tukafie ku njia ya mlima wa watu.

Ugonjwa wa kimo wenyewe unapiga kila mtu, AA vilevile. Kuuma kichwa kidogo na kukosa usingizi ni kawaida. Kichwa kinachoendelea kuuma zaidi, kutapika, kuyumba kama mlevi, kukohoa na kukosa pumzi hata ukiwa umekaa: hiyo si kuchoka, na dawa yake ya kweli ni kushuka, hata kama ni usiku, hata kama hekalu unaliona kwa macho. Vijana wetu wanajidanganya hapa. Anasema: mimi ni mtoto wa Bukavu, nimezaliwa ku metre 1,500. Ndiyo, lakini umekaa miaka mbili mu tambarare ya Punjab, mwili umekwisha kusahau. Lala usiku mmoja Sonprayag au Gaurikund mbele ya kupanda. Kuna vidonge vinavyosaidia mwili kuzoea, acetazolamide, lakini havifai kwa kila mtu, hasa wenye aleji ya dawa za salfa. Munganga njo aseme, si rafiki wa hosteli.

Haya, tarehe. Hekalu halifunguki mwaka mzima. Siku ya kufungua inatangazwa wakati wa sikukuu ya Maha Shivaratri, mwezi wa pili au wa tatu, na mara nyingi inaanguka mwisho wa mwezi wa ine au mwanzo wa mwezi wa tano. Linafungwa siku ya Bhai Dooj, siku mbili hivi baada ya Diwali, mwezi wa kumi au wa kumi na moja. Mwezi wa tano na wa sita watu ni wengi sana, bei zinapanda, kitanda ni vita. Mwezi wa saba na wa nane ni mvua, na mvua ya kule inashusha mlima mzima ku barabara. Mimi nachagua kuanzia katikati ya mwezi wa kenda mpaka mwezi wa kumi: mbingu safi, watu wamepungua, lakini usiku maji yanaganda mu chupa.

Kuhusu mvua, msichukue kama mchezo. Tarehe 16 na 17 mwezi wa sita 2013, mvua ilinyesha bila kukatika, kisha ziwa dogo la Chorabari, lililokuwa juu ya hekalu chini ya barafu, likapasuka. Maji, matope na mawe yalishuka ku mji wa mahujaji. Katika jimbo lote watu zaidi ya 5,000 walikufa au hawakuonekana tena. Kijiji cha Rambara, ambacho kilikuwa kituo cha katikati ya njia, kilifutika. Hekalu lilibaki limesimama, juu jiwe kubwa lilikuwa limesimama nyuma yake na kugawanya maji pande mbili. Leo wanaliita Bhim Shila, na watu wanaliabudu pia. Mwaka 2024 tena, tarehe 31 mwezi wa saba, mvua kali ilikata njia sehemu nyingi, na maelfu ya watu walikwama wakaokolewa. Kwa hiyo kila asubuhi angalia tangazo la idara ya hali ya hewa ya India: rangi ya manjano ni kuwa macho, rangi ya chungwa ni kujitayarisha kwa mabaya, nyekundu ni kukaa pale uliko. Polisi wakifunga njia, usitafute kijana wa kukupitisha ya panya.

Kujiandikisha ni lazima, na ni bure. Serikali ya Uttarakhand iko na tovuti yake. Kuna na meza za kuandikisha Haridwar na Rishikesh. Mgeni anatumia pasipoti. Wanakupa karatasi yenye alama ya kuskani, na bila hiyo Sonprayag haupiti. Mtu akikuambia ulipe ili "aharakishe", jua huyo anauza kitu cha bure. Ni vilevile kwa helikopta: biye zinauzwa ku tovuti moja tu ya serikali, na wezi wametengeneza nyingi zinazofanana nayo. Lakini helikopta si habari yetu sisi wa feza kidogo, na sijutii. Mwezi wa kumi 2022 moja ilianguka karibu na hekalu, watu 7 wakafa. Mwezi wa sita 2025 ingine ikaanguka karibu na Gaurikund, tena 7.

Kuna jambo lingine la mgeni ambalo linakula feza bila kutangaza. Sheria ya India inataka kila nyumba ya wageni inayolaza mtu wa inje imuandike kwa polisi, ku karatasi wanayoita Form C. Nyumba ndogo za bei ya chini nyingi hazina habari na hiyo karatasi, au hazitaki usumbufu. Rishikesh, nyumba moja ilinirudisha saa tatu ya usiku na sako ku mgongo, ingawa nilikuwa nimelipa mbele. Si kila mara ni ubaguzi, hata kama moyo unakuambia hivyo. (Wakati mwingine ni ubaguzi.) Dawa yake: piga simu mbele, sema wazi "mimi ni mgeni, ninayo pasipoti na visa, unajaza Form C?" Na beba kopi tano za pasipoti na visa. Nyumba za shirika la utalii la serikali, GMVN, zimezoea wageni, na ziko na vitanda vya dortuari.

Barabara yenyewe inapita upesi mu maneno, lakini si mu otobisi. Kutoka Rishikesh mpaka Sonprayag ni kilomita zaidi ya 200 za kona, siku nzima. Panda otobisi ya alfajiri, kaa upande wa dirisha, usile mingi. Utapita Devprayag, ambapo mito miwili, Bhagirathi na Alaknanda, inaungana na kuitwa Ganga. Maji yana rangi mbili pale, unaona kwa macho. Kisha Rudraprayag, kisha unafuata mto Mandakini kupitia Guptkashi mpaka Sonprayag. Toa feza yote ya mkononi Guptkashi, usitegemee mashini za juu. Kutoka Sonprayag, jipu za pamoja zinakupeleka Gaurikund, kilomita 5.

Sasa feza. Safari yangu ya pili, kutoka Rishikesh na kurudi, ilikuwa hivi: otobisi kwenda na kurudi rupia 1,300, jipu 100, kulala Sonprayag mara mbili 1,000, kitanda kule juu 600, chakula siku ine 1,800, fimbo 50, koti la plastiki 100, dawa 150. Jumla rupia 5,100, kama dola 60 za wakati ule. Mwezi wa tano usitegemee bei hizo. Lakini hesabu hiyo haijaisha, na hapa njo nataka mnisikie. Mu mfuko mwingine, ndani ya nguo, nilikuwa na rupia 3,000 ambazo si za kula. Hizo ni za kukodi nyumbu ukiumia mguu, au kulala siku mbili zaidi barabara ikikatika. Mtu akienda na wenzake, feza ya wenzake njo akiba yake. Ukienda peke yako, bila ile 3,000 utajilazimisha kutembea siku ambayo mwili unakataa. Kama hauna akiba, ngoja mwaka ujao, mlima hautahama.

Siku ya kupanda, toka Gaurikund saa kumi na moja ya asubuhi. Ukichelewa mpaka mchana, polisi wanaweza kukurudisha, na wana haki. Njia imejengwa na mawe, haipotei. Unapita Jungle Chatti, Bhimbali, kisha pale Rambara ilipokuwa unavuka mto, juu njia ya upande wa zamani ilibebwa na maji ya 2013. Kutoka pale mpaka Lincholi njo sehemu inavunja magoti. Nilikuwa nahesabu hatua 100 na kusimama. Hatari kubwa ya kila siku si barafu, ni nyumbu. Wanapita mamia, wanateleza, na hawakuoni. Ukisikia kengele, simama upande wa mlima, usisimame hata mara moja upande wa bonde. Mtu akisukumwa upande wa mlima anachubuka. Upande ule mwingine hakuna wa kumuokota.

Njiani vibanda viko kila mahali: chai, Maggi, wali na dengu. Nyama hakuna, pombe hakuna, sigara ficha. Kadiri unavyopanda, bei inapanda nawe, juu kila kilo imebebwa na mgongo. Kunywa maji hata kama hausikii kiu. Vaa nguo kwa matabaka: ya ndani inayokauka haraka, pulovere ya sufu, koti la mvua, kofia, glovu. Pamba ikiloa jasho, ile baridi ya Lubero mnayoogopa itakuwa mchezo. Vituo vya munganga viko njiani na oksijeni iko. Jua viko wapi mbele ya kuvihitaji.

"Peke yako" pale ni neno tu. Watu wanakusalimia "Jai Kedar", unajibu "Jai Kedar", na mama mmoja usiyemjua anakupa nusu ya chapati yake. Watataka picha nawe pia. Mimi nilikuwa nakubali nikipumzika, nakataa nikipanda. Lakini mtandao unakatika, kwa hiyo acha kwa mtu mmoja wa chini majina ya mahali utalala na saa utampigia, na muambie nani apigiwe ukikosa. Kwa dada zetu: tembeeni karibu na jamaa zenye mama, mlale dortuari ya wanawake, na msikubali kijana anayejitolea kuwabebea sako bila kitambulisho cha serikali.

Ukifika, lala kwanza. Foleni ya asubuhi njo nzuri, kabla jua halijagusa barafu. Viatu unaviacha, jiwe linachoma baridi, vaa soksi nzito. Mu hekalu hakuna picha. Sadaka ni kwa moyo. Watu watakuita kwa maombi maalumu ya kulipa, na kukataa kwa heshima si tusi. Kuhusu sisi wasio Wahindu kuingia ndani, uliza kamati ya hekalu ile mwaka unayoenda, juu jambo hilo linajadiliwa na linaweza kubadilika. Ukiambiwa baki inje, baki inje. Uwanja wa mbele, mlima wa nyuma na lile jiwe la 2013 vinaonekana vizuri kutoka pale.

Neno la mwisho ni kwa AS na wale munganga atawakatalia. Hekalu likifungwa, sanamu ya mungu inashushwa ku machela, watu wanatembea nayo, inakaa miezi yote ya baridi Ukhimath, mu hekalu la Omkareshwar, na maombi yanaendelea pale. Ukhimath iko karibu metre 1,300, chini ya Bukavu. Gari inafika mpaka mu mji. Mdogo wetu mmoja, AS, alienda hapo mwezi wa kwanza, alitumia rupia 2,400 zote pamoja, na hakukuta foleni.